Mailo Mbili Ukutani

Vijana wangu, wengi mmeniuliza ni programu gani inayofaa kuchorea skrini kubwa za ukutani. Jibu langu halitawapendeza: miguu. Simu unaishika wewe mwenyewe, unaisogeza karibu na pua ukitaka. Skrini ya ukutani haishikwi na mtu. Watu wanapita mbele yake na beseni kichwani na mtoto mgongoni, wana haraka zao, wanaisoma wakitembea. Usipojua wanatokea mlango gani na wanaelekea wapi, hata ukichora malaika watapita tu kama wanapita dirisha la jirani.

Mimi nimeifanya kazi hii toka mgodini Katanga hadi hapa Nchelenge, na sasa nalima mihogo Kafutuma na magoti yananizomea kila nikiinama. Kule mgodini waliniita Mama Ekran, yaani Mama Skrini, na jina likavuka ziwa kabla yangu. Basi nitawaeleza ninachokikumbuka, bila mpangilio sana, maana kichwa changu nacho ni ukuta wa skrini nyingi na siku hizi huwaka yoyote inayotaka.

Nilianza kabla ya skrini. Chumba cha kuongozea mitambo kilikuwa na ukuta wa bati lililopakwa rangi ya kijivu, na juu yake tumechora mabomba, matangi na pampu kwa brashi. Kwenye kila pampu kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu taa inayowaka pampu ikiharibika. Fundi wa umeme, Papa Ilunga, ndiye aliyenifundisha. Yeye alichora mabomba, mimi niliandika herufi, kwa sababu mwandiko wake ulifanana na nyayo za kuku. Nikimaliza neno ananipa bakuli langu la chakula, ananipeleka mpaka mlangoni, ananiambia nile na nisome. Nikikodoa macho tu, anachukua kitambaa na kufuta.

“Mutu ya zamu iko na usingizi, iko na njaa, anagombana na bibi yake ku nyumba,” alikuwa akisema. “Njo huyo unaandikia. Haina weye na macho yako ya mutoto.”

Siku moja wakaja wageni wa heshima, na mkubwa mmoja akaagiza taa zote ziwashwe ili picha ipendeze. Kweli ilipendeza, ukuta ukawaka kama Krismasi. Wafanyakazi wa zamu waliokuwa wakinywa chai chumba cha pili waliuona kupitia kioo, wakatimua mbio hadi nje ya geti, mmoja akiwa na kikombe mkononi. Wageni wakapiga makofi wakidhani ni mazoezi ya usalama. Papa Ilunga alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwamba ukuta mzuri unanyamaza kutwa nzima, ili siku ukipiga kelele mtu aamke. Ninyi mnaopenda kila kitu kimemete, hayo ni yenu.

Baadaye zikaja skrini za kweli, kumi na mbili zimepangwa ukutani, na kila moja ina fremu nyeusi. Tulizifurahia sana, tukazichora kana kwamba fremu hazipo. Pampu moja iliitwa 11. Moja ya kwanza ikaangukia kwenye skrini, ya pili ikaingia kwenye fremu. Jamaa wa zamu akasoma 1, akazima pampu isiyohusika, na ghala la chini likajaa maji hadi mkuu wa idara akapanda ngazi buti zikitema. Tangu hapo sijaweka herufi wala namba kwenye maungio. Fundi wa nguo anayejua kazi yake hapitishi mshono kwenye kichwa cha ndege wa kitenge.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya mwisho, ile ya banda la wasafiri hapa ufukweni Nchelenge. Watu wanaovuka kwenda ng'ambo walikuwa wakiuliza hali ya ziwa kwa yeyote aliyekaa karibu, hata kwa mlevi. Ofisi iliyotuajiri ikataka ukuta wenye skrini tatu kubwa: upepo na mawimbi ya jana, ya leo na ya kesho. Nilifanya na kijana anaitwa Chanda, mtoto wa hapahapa, Mbemba wa ziwa, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Tuligombana kwanza kuhusu ramani. Chanda aliichora kaskazini ikiwa juu, kama shuleni. Mimi nikasema hapana. Ukisimama mbele ya ukuta ule, ziwa liko nyuma yake, na Kongo iko mbele yako kabisa. Mkono wa kushoto ni kule mto Luapula unakoingilia, mkono wa kulia ni Kabuta, kisha Mununga. Basi ramani nayo iwe hivyo, mtu asipate kazi ya kuigeuza kichwani akiwa na mzigo. Tukaigeuza. Haikupita muda akaja bwana mmoja wa ofisi nyingine, akatazama kwa makini, uso umekunjamana.

“Ba mayo,” akasema, yaani mama, “kwa nini mumeiweka Kongo juu ya Zambia?”

Nikamshika mkono, nikamtoa nje, nikamwonyesha maji. “Mzee wangu, mbele yako kuna nini?”

Akatazama, akakohoa, akasema basi ibaki hivyo. Ila Chanda naye alinishinda mahali pengine. Nilitaka mandhari nyeupe, yeye akasema jua la asubuhi litaiua. Nikabisha. Asubuhi ya kwanza tuliona sura zetu tu kwenye skrini, kama kwenye kioo cha kinyozi. Akapigilia bati juu ya kila moja, likawa kofia, na rangi akabadilisha. Mkiwa na mwenzenu anayebisha vizuri, mtunzeni.

Sasa maneno. Ofisi ilitaka neno moja tu juu ya kila skrini, kubwa, lisomeke toka mlangoni. Lugha ya ufuko huu ni Kibemba, hilo halina ubishi; hata sisi wa ng'ambo tunakiokota sokoni tukiwa wadogo. Chanda akaandika bila hata kufikiri: kushoto MAILO, katikati LELO, kulia MAILO.

Ninyi mliokulia mbali mmeshacheka. Kwa Kibemba lelo ni leo. Mailo ni jana. Na mailo ni kesho pia, neno ni lilelile. Lakini Chanda hakucheka, mimi sikucheka, ofisi haikucheka, maana kila mtu kwenye ufuko huu analijua neno hilo na hajawahi kupotea nalo. Tulijua kushoto ni iliyopita na kulia ni inayokuja, kama kwenye daftari. Tarehe tuliziweka chini, ndogo, kwa adabu.

Tulichosahau ni kwamba banda lile lina milango miwili. Wa kushoto unatokea barabarani, wanapoingia wenye baiskeli wa kutoka upande wa Luapula. Wa kulia unapanda kutoka gatini. Anayetoka barabarani anakutana na jana, leo, kesho. Anayepanda kutoka majini anaanza na kesho, anapita leo, anamalizia na jana. Kwake yeye mailo ya kwanza ndiyo iliyopita na ya mwisho ndiyo inayokuja, kwa sababu ndivyo alivyotembea.

Mimi nina desturi, na nawaomba muirithi: kazi ikishawashwa, siondoki. Natafuta kreti, nakaa pembeni na karanga zangu, natazama watu wakisoma. Kitu kimoja ambacho kompyuta haikuonyeshi ni uso wa mtu anayesoma kazi yako.

Asubuhi hiyo akapanda kutoka gatini, alikoenda kukagua mizigo yake, Mama Kyungu, mfanyabiashara wa Kilwa ya ng'ambo, anayeleta vitenge na kurudi na samaki wakavu. Nilimjua miaka mingi. Alikuwa amevuka jana yake kuja kumchukua binti yake Sifa, aliyekuwa akiishi upande huu kwa shangazi yake, kwa sababu kesho yake mchana Sifa alikuwa anafunga ndoa kanisani Kilwa. Mpango ulikuwa kulala hapa usiku mmoja zaidi na kuondoka alfajiri, maana gauni la harusi, robe kama tunavyosema sisi wa ng'ambo, lilikuwa bado kwa fundi, halina mkono mmoja.

Mama Kyungu alipita polepole mbele ya ukuta. Skrini ya kwanza: mawingu meusi, mawimbi marefu; hiyo alidhani imepita, hakuitazama mara mbili. Ya katikati: shwari. Ya mwisho: shwari. Akapiga makofi.

“Mungu ni muzuri! Mailo ziwa iko mupole. Robe itaisha na magaribi, na sisi tutatoka asubui na mapema.”

Ba Mwape, mwenye mashua aliyekodiwa kuwavusha, alikuwa ameingia kwa mlango wa barabarani. Akatikisa kichwa.

“Awe, mama. Mailo iko mubaya sana.”

“Mubaya wapi? Soma pale! Mailo, ziwa iko mupole.”

“Nasoma, mukwai. Mailo, mawimbi hivi.” Akainua mkono juu ya kofia yake.

“Weye unaogopa mayi sawa mutoto ya mujini!”

“Mama, soma bwino. Mailo!”

“Njo mi nasoma! Mailo!”

Kila mmoja alinyoosha kidole kwenye skrini yake, na kila mmoja alimwona mwenzake hajui kusoma. Watu wakaanza kusogea kuangalia ugomvi. Nikaacha karanga juu ya kreti. Nikainuka nikaenda, nikamwambia Mama Kyungu kwamba ile shwari ya mwisho ilikuwa ya jana.

“Jana? Banaandika mailo!”

“Na ile ya mawimbi?”

Akageuka, akasoma, akanitazama. “Banaandika mailo. Donc hii ukuta iko na mailo mbili? Nani alitengeneza hii kintu?”

Ba Mwape akanielekezea midomo, kama tunavyoelekeza mtu tusiyetaka kumnyooshea kidole.

“Mama Ekran,” akasema Mama Kyungu, na sauti sasa imeshuka. “Mi nakuheshimu. Lakini ukuta yenye haijue jana na kesho, mi nitaipa mutoto wangu? Kesho midi pasta anamungojea. Bakwe bote bamefika. Kama Ba Mwape anaogopa, mashua ziko mingi pale chini, nitatafuta ingine.”

Na alikuwa anasema kweli, zilikuwepo nyingi, na wengine wangemchukua bila kuuliza. Niliogopa, nawaambia wazi. Nilimjua Sifa tangu anabebwa. Ziwa hili nalijua likikasirika, na mashua iliyojaa mashangazi na masufuria ya harusi haina pa kujificha katikati.

Chanda alikuwa ameshafika kwenye kompyuta, anataka kukuza tarehe. Tarehe! Mtu anayeandaa harusi hakumbuki hata jina lake. Nikamwambia asubiri. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua: mbona watu hawa wawili wameongea Kibemba sokoni maisha yao yote na mailo hii hii haijawahi kuwagombanisha?

“Mama Kyungu,” nikasema, “usinijibu mimi. Mwambie Ba Mwape kwa Kibemba, ulipovuka kuja huku upepo ulikuwaje?”

Alinitazama kama anayetazama kichaa, lakini akasema. “Mailo umwela wali bwino.”

“Na siku ya kumrudisha Sifa, unataka uweje?”

“Mailo umwela ukaba bwino! Sasa?”

Ba Mwape aliitikia yote mawili bila kukunja uso. Chanda alijipiga kofi kwenye paji la uso hadi likasikika. Umwela ni upepo, bwino ni vizuri. Wali, ulikuwa. Ukaba, utakuwa. Mdomoni mailo haitembei peke yake, daima imeshikwa mkono na kitenzi, na kitenzi ndicho kinachojua njia. Sisi tulikuwa tumelichukua neno bila mwenzake, tukalitundika ukutani peke yake, tukashangaa limepotea.

Chanda akaandika upya. Skrini zikazimika kidogo, watu wakaguna, zikarudi: UMWELA WALI. UMWELA ULI. UMWELA UKABA. Ulikuwa, uko, utakuwa: sasa hata ungeingilia kwa paa ungejua.

Mama Kyungu alirudi hadi mlango wa gatini, akaanza kutembea upya. Kwenye UKABA alisimama, akatazama mawimbi, akavuta kitenge chake. Kwenye ULI alipita. Kwenye WALI akakaa muda mrefu, nami sikuelewa kwa nini, mpaka alipoinua kidole na kugusa kioo mahali palipochorwa upepo kidogo wa adhuhuri katikati ya ziwa.

“Hapa,” akasema taratibu. “Njo hapa tulifunika mizigo. Tulikuwa tunakuya buzuri, kisha upepo kidogo, mi nikasema lete bâche. Saa ya midi, njo vile.” Akanigeukia. “Inajua jana yangu.”

Sikilizeni hapa, kwa sababu hili hata mimi nililielewa siku hiyo. Wakubwa wengi waliniuliza mbona napoteza skrini nzima kwa upepo uliokwisha kupita. Nilikuwa nawajibu mambo ya kitaalamu. Jibu ni Mama Kyungu na kidole chake. Mtu hawezi kuikagua kesho. Lakini jana yake anayo mwilini, na ukimwonyesha jana yake sawasawa, atakukopesha imani kidogo ya kesho.

“Bon,” akasema. “Kesho hatuendi. Na mi siwezi kupeleka mutoto kisha harusi imepita.” Macho yakamjaa machozi, akayafuta kwa hasira. “Tutafanya namna gani?”

Ba Mwape akasogea kwenye skrini ya katikati, mikono nyuma. “Lelo iko bwino mpaka jua kuingia,” akasema. “Mama, tunaenda sasa.”

“Na robe?”

“Robe haina injini, mukwai. Itafuata bibi arusi.”

Ndipo zikaanza mbio ambazo sitazisahau. Shangazi mmoja akapelekwa kwa baiskeli hadi kwa fundi, fundi akalia kwamba hajawahi kutoa kazi nusu, kisha akaitoa, pamoja na mkono wa gauni, uzi na sindano mbili, na maelekezo marefu ambayo hakuna aliyeyasikiliza. Sifa alikuja anakimbia na nywele zimesukwa upande mmoja. Masufuria yakapita, mfuko wa mchele ukapita, kuku wakapita. Gauni likawekwa ndani ya beseni jipya, likafunikwa plastiki, na mashangazi wawili wakakaa kila upande wamejiandaa kushona ndani ya mashua. Sifa aliponipita alinishika mkono, mkono wake wa baridi, akasema, “Asante, mama,” bila kujua ananishukuru kwa nini hasa. Injini ikashika. Tukawatazama hadi wakawa nukta.

Jioni Ba Mwape alituma ujumbe: wamefika, jua bado linaonekana, mkono umeshonwa, umepinda kidogo.

Nitawaambia na jambo ambalo si la kujisifu. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema na ziwa lilikuwa limetulia kama sahani. Nikaingiwa na hofu ya ajabu: kama dhoruba haiji, tumewahangaisha watu bure, na hakuna atakayeutazama ukuta ule tena. Nikajikuta naomba upepo. Kisha nikajiona vibaya, nikaomba tena, niliyoyaomba yaachwe, kwa sababu wapo watu wengine majini siku zote.

Lakini siku hiyo hawakuwepo wengi. Wenye mashua walikuwa wamekaa bandani, wanacheza karata chini ya ile UKABA, maana habari ya mailo mbili ilikuwa imezunguka ufuko mzima na kila mtu alikuja kucheka na kusoma. Kabla ya adhuhuri mbingu ikawa nyeusi upande wa kushoto. Upepo ukafika, ukang'oa majani ya paa la muuza chai, na mawimbi yakaanza kupiga gati hadi maji yakaingia kwa mlango wa kulia. Karata zikasimama mikononi. Mzee mmoja akavua kofia.

Mchana simu yangu ikalia, ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Kyungu. Tukaweka sauti juu, mimi na Chanda, tukainamia. Upepo unapiga mabati ya kanisa, ngoma, vigelegele, halafu hotuba ya baba mkwe akipaza sauti kushinda mvua. Akamshukuru Mungu. Akawashukuru wakwe. Akawashukuru mashangazi kwa mkono wa gauni, watu wakacheka. Akamshukuru Ba Mwape na injini yake. Kisha nyimbo zikaanza.

“Ba mayo,” akasema Chanda, na niliona imemuuma, “hawakututaja.”

Nikamwambia arudishe nyuma, asikilize vizuri, nyuma ya ngoma. Akarudisha. Kulikuwa na mtu anacheka pale, karibu kabisa na simu, kicheko kirefu cha msichana aliyeishiwa pumzi kwa kucheza. Ni Sifa.

“Huyo hapo,” nikamwambia. “Ndiye anatutaja.”